BOMBA LITAPITA, ZIWA LITABAKI

Jumamosi iliyopita niliteremka mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, kununua dagaa. Mama mmoja ambaye huniuzia mara kwa mara, na ambaye huniita "Mtangazaji" kana kwamba ndilo jina nililopewa na wazazi, alinipimia makopo yangu mawili, akaongeza kiganja kimoja cha mbasela, halafu akanizuia nisiondoke. "Mtangazaji," akasema, "hilo bomba la mafuta la kutoka Uganda, ni kweli linapita chini ya ziwa? Maana watu hapa wanasema likipasuka sisi tumekwisha."

Nikamjibu haraka haraka, kama sisi watu wa redio tulivyozoea kujibu: "La, mama. Linapita nchi kavu."

Akanitazama. "Nchi kavu ipi, baba, ambayo maji yake hayaji humu?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilichukua dagaa wangu nikaondoka. Kwa hiyo leo, kwa ruhusa yako ndugu msikilizaji, nataka nimjibu yule mama kwa utulivu zaidi, na pengine nikujibu na wewe ambaye umekuwa ukijiuliza jambo hilo hilo.

Tuanze na mambo yanayojulikana. Mwaka 2006 wenzetu wa Uganda waligundua mafuta ya kutosha biashara katika bonde la Ziwa Albert, upande wa magharibi wa nchi yao. Uganda, kama tujuavyo, haina bahari. Mafuta yasiyo na njia ya kufika baharini ni sawa na mali iliyofungiwa sandukuni na ufunguo wake uko kwa jirani. Majirani wenye bahari walikuwa wawili, Kenya na Tanzania, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba bomba litapita Kenya hadi Lamu. Tarehe 23 Aprili 2016, katika mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Kampala, ikatangazwa kwamba bomba litakuja Tanga.

Tarehe 26 Mei 2017 serikali zetu mbili zikatia saini mkataba, na mwezi Agosti mwaka huo huo Rais John Magufuli na Rais Yoweri Museveni wakaweka jiwe la msingi katika rasi ya Chongoleani, Tanga. Septemba 2020 wakatiliana saini tena, safari hii Chato, hapa hapa kanda ya Ziwa. Kisha tarehe 11 Aprili 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alisafiri hadi Entebbe, na mikataba mingine mikubwa ya mradi ikatiwa saini.

Naomba nikae kidogo juu ya tarehe hiyo. Tarehe 11 Aprili 1979 ndiyo siku Kampala ilipoanguka mikononi mwa majeshi yetu na wapiganaji wa Uganda waliokuwa pamoja nasi. Miezi michache kabla ya hapo, mwishoni mwa mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameingia Kagera, yakachinja ng'ombe, yakaua watu, yakalibomoa daraja la Kyaka. Sisi tuliozaliwa baada ya vita hiyo tuliipokea katika hadithi za wazee. Basi bomba hili linaingia Tanzania kwa upande wa Mutukula, katika wilaya ya Missenyi, na lazima livuke mto ule ule wa Kagera. Miaka 42 kamili tangu vita, nchi mbili zilizopigana zikatia saini mkataba wa biashara. Hilo ni jambo la heri, na mtu asiyeliona kuwa ni la heri hakumbuki tulikotoka.

Sasa bomba lenyewe. Urefu wake ni kilometa 1,443. Kati ya hizo, kilometa 296 ziko Uganda na kilometa 1,147 ziko kwetu. Kwa maneno mengine, katika kila kilometa 5 za bomba hilo, karibu kilometa 4 ziko katika ardhi ya Tanzania. Linapita mikoa minane: Kagera, Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma, Manyara na Tanga. Mkoa wa Mwanza haumo katika orodha hiyo. Upana wa bomba ni inchi 24, nalo linafukiwa ardhini. Ukanda uliotengwa kwa ajili ya ujenzi una upana wa mita 30.

Mafuta ya Uganda yana tabia yake. Yana nta nyingi. Yakipoa yanaganda kama samli asubuhi ya baridi. Ndiyo maana bomba hili limetengenezwa ili lipashwe joto kwa umeme njia nzima, mafuta yabaki na joto la nyuzi 50 na zaidi, na ndiyo maana likasemwa kuwa ni bomba refu kuliko yote duniani la aina hiyo. Kila kipande cha bomba lazima kwanza kivishwe blanketi la kuzuia joto lisitoke. Kazi hiyo ya kuvisha ikajengewa kiwanda katika kijiji cha Sojo, wilaya ya Nzega, mkoa wa Tabora, kiwanda kilichozinduliwa mwaka 2024. Malori yenye mabomba marefu yaliyotoka bandarini Dar es Salaam yakawa jambo la kawaida katika barabara zetu.

Wenye mradi ni wanne. Kampuni ya TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62. Shirika la mafuta la Uganda lina asilimia 15, TPDC yetu asilimia 15, na kampuni ya CNOOC ya China asilimia 8. Bomba likifanya kazi kwa uwezo wake wote litapitisha mapipa 246,000 kwa siku. Kwa kila pipa, mwenye mafuta atalipa dola 12.77 za Marekani kama nauli ya kulisafirisha.

Hapo ndipo hesabu za vijiweni zinapoanza. Nimesikia kijana mmoja pale Igoma akipiga hesabu kwa simu yake: dola 12.77 mara mapipa 246,000 ni zaidi ya dola milioni 3 kila siku. "Milioni 3 za dola kila siku zinaingia Tanzania!" akasema, na wenzake wakapiga makofi.

Ndugu msikilizaji, mara ni sahihi, lakini jumla si ya kwetu. Nauli hiyo inalipwa kwa kampuni ya bomba. Kampuni ya bomba kwanza italipa madeni, maana mradi huu unajengwa kwa mabilioni ya dola na sehemu yake ni mkopo. Kisha italipa gharama za kuendesha: umeme, mafundi, mitambo ya kusukuma, walinzi. Kinachobaki ndipo kigawanywe kwa wenye hisa, na sisi katika hao tuna asilimia 15. Juu ya hapo yapo mapato ya kodi, ambayo ilielezwa wakati wa makubaliano kwamba Tanzania itachukua asilimia 60 na Uganda asilimia 40, kwa kuwa sehemu kubwa ya bomba iko kwetu. Kwa hiyo fedha zipo, tena si haba. Lakini si zile anazozihesabu kijana wa Igoma, wala haziji siku ya kwanza. Anayewaambia vijana wetu vinginevyo anawapandia mbegu ya uchungu watakayoivuna baadaye.

Na uchungu wa namna hiyo tumeuona. Mwezi Mei 2013 Mtwara iliwaka moto, watu wakafa, kwa sababu wananchi waliamini kwamba gesi yao inachukuliwa kwa bomba kwenda Dar es Salaam na wao wanaachiwa mashimo. Sitaki leo kufufua nani alikuwa na haki na nani hakuwa nayo. Nasema tu kwamba wananchi walikuwa wameahidiwa mengi kwa maneno matamu, na hesabu yenyewe hakuna aliyekaa nao chini akawaeleza.

Nitoke kwetu kidogo. Mwaka 2003 bomba jingine la mafuta lilikamilika katika bara letu, la kutoka Doba nchini Chad hadi pwani ya Kamerun karibu na Kribi, urefu wa kilometa 1,070 hivi. Chad nayo haina bahari. Benki ya Dunia iliunga mkono mradi ule kwa sharti kwamba sehemu kubwa ya mapato itumike katika elimu, afya na maendeleo ya vijijini, na sheria ikatungwa. Dunia nzima ikasema: safari hii Afrika itapatia. Haikupita miaka mitatu, serikali ya Chad ikaibadilisha sheria ile ili ipate fedha za mambo mengine, zikiwemo silaha. Mwaka 2008 Benki ya Dunia ikajitoa. Bomba lilikuwa zima, mafuta yalikuwa yanatoka, lakini ahadi ilikuwa imepasuka. Kasoro haikuwa katika chuma.

Sisi nasi si wageni wa mabomba marefu. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi mwezi Novemba 1965, Zambia ilifungiwa njia za kusini, na mafuta yake yakawa yanasombwa kwa malori katika barabara ya vumbi. Likajengwa bomba la TAZAMA, kilometa 1,710, kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, na mwaka 1968 likaanza kazi. Lile lilipeleka mafuta kwa jirani asiye na bahari. Hili la sasa linayaleta kutoka kwa jirani asiye na bahari. Katika miaka ya hivi karibuni TAZAMA limegeuzwa kupitisha dizeli badala ya mafuta ghafi. Tunajifunza kwamba bomba huishi kuliko waliolijenga. Waliokata utepe wa TAZAMA wengi wao wamekwisha kutangulia mbele ya haki, na chuma kile bado kiko ardhini. Kwa hiyo maswali tunayouliza leo ni maswali ya wajukuu zetu.

Lakini bomba lililo karibu zaidi na moyo wangu ni jingine. Ukitoka hapa mjini ukaenda wilaya ya Misungwi, utafika Ihelele, kando ya ziwa. Pale ndipo maji ya Ziwa Victoria yanapovutwa kwenda Shinyanga na Kahama. Serikali iliujenga mradi ule kwa fedha zake yenyewe, ingawa kulikuwa na minong'ono juu ya mkataba wa mto Naili wa mwaka 1929, mkataba wa Waingereza na Misri ambao Mwalimu Nyerere alikwisha kuukataa tangu tulipopata uhuru. Mwaka 2009 mradi ukazinduliwa. Baadaye bomba hilo la maji likasogezwa hadi Nzega, Igunga na Tabora.

Umesikia jina la Nzega, ndugu msikilizaji? Ndiyo wilaya ile ile ya Sojo. Wilaya hiyo moja imefikiwa na mabomba mawili, moja la maji kutoka ziwani kwetu na jingine la mafuta kutoka Ziwa Albert. Tofauti yake alinieleza mzee mmoja niliyesafiri naye kwenye basi nilipokuwa nikienda Chato kwa msiba. Nilipomwonyesha vigingi vya mpaka wa bomba la mafuta, akauliza: "Na hili koki yake iko wapi, mwanangu?"

Nikamwambia, "Mzee, hili halina koki."

Akacheka hadi akakohoa. "Basi hili si letu," akasema. "Letu ni lile lenye koki."

Bomba la maji, vijiji kandokando vilipata vituo vya kuchotea. Bomba la mafuta halina koki hata moja kutoka Missenyi hadi Chongoleani. Faida yake kwa mwanakijiji haiwezi kufika kwa ndoo. Itafika kwa njia moja tu: kwa kodi itakayokusanywa, ikapangiwa matumizi, ikafika wilayani, ikageuka dawa katika zahanati na dawati katika shule. Njia hiyo ni ndefu kuliko kilometa 1,443, na ina matundu mengi zaidi. Na tusisahau jambo jingine. Mafuta ghafi yatapanda meli Tanga kwenda ng'ambo, na katika bandari hiyo hiyo ya Tanga tutaendelea kushusha petroli na dizeli kutoka ng'ambo. Dereva wa daladala wa Mwanza asidhani kwamba bomba hili litampunguzia bei ya lita.

Sasa nije kwenye ardhi. Upande wa Tanzania zaidi ya watu 9,000 waliguswa na mradi huu, wengi wao kwa kupoteza kipande cha shamba, wachache kwa kupoteza nyumba. Tathmini ya mali zao ilifanyika kwa sehemu kubwa mwaka 2018 na 2019. Wengi walisubiri hadi mwaka 2021, na wengine hadi 2022, ndipo wakapata fedha mkononi. Katikati hapo mradi wenyewe ulikuwa umesimama kwa mivutano ya kodi na ya mauzo ya hisa huko Uganda.

Kisheria, ndugu msikilizaji, fidia ya ardhi katika nchi yetu si hisani. Kanuni za mwaka 2001 zinataka mtu alipwe thamani ya soko ya ardhi na maendeleo yake, alipwe posho ya usumbufu, ya usafiri na ya makazi, na fidia ya faida aliyoipoteza. Zinataka alipwe upesi, na upesi maana yake ni ndani ya miezi sita. Ikipita hapo, anastahili riba. Nayasema haya polepole ili mwenye kalamu aandike, kwa sababu hayahusu bomba hili peke yake. Yanahusu barabara, reli, kiwanja cha ndege na kila mradi utakaokuja kukugongea hodi.

Nami nina sababu ya kuyasema. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa kijana niliyetoka chuo cha uandishi wa habari na diploma yangu bado ina harufu ya wino, mradi mmoja ulipita penye kiwanja cha mama yangu mzazi, pembezoni mwa mji. Mradi huo sitautaja, na wala haukuwa wa mafuta. Walikuja watu na kamba na daftari. Wakahesabu migomba, miembe miwili, nyumba ya vyumba vitatu na choo. Wakaandika alama ya X nyekundu ukutani. Wakamwambia mama asijenge kitu wala asipande mazao ya kudumu.

Mama aliitii ile X kwa miaka mitatu. Paa lilianza kuvuja mwaka wa kwanza, hakulitengeneza, kwa kuwa nyumba ilikuwa "imekwisha kuhesabiwa." Tulisogeza vitanda kila mvua iliponyesha. Fedha zilipokuja, bei ya bati na saruji ilikuwa imekwisha kupanda, na kile kilichotosha nyumba siku ya kuhesabu kikatosha msingi na kuta siku ya kulipwa. Riba hatukuisikia ikitajwa, na hatukuiuliza, kwa kuwa hatukujua kwamba ipo.

Lakini la kunifedhehesha si hilo. La kunifedhehesha ni kwamba siku mradi ule ulipozinduliwa, taarifa ililetwa studio ikiwa imechapwa tayari, na mimi ndiye niliyeisoma. Ilisema, "Wananchi wa eneo hilo wameupokea mradi kwa furaha." Nikaisoma kwa sauti nzuri, bila kukwama. Jioni nilipofika nyumbani mama alikuwa amekwisha kuisikia. Akaniuliza swali moja tu: "Walikuhoji lini, mwanangu, kuhusu furaha yangu?"

Kuna wenzangu katika kazi hii watakaosema kwamba habari ni habari. Mimi tangu siku ile siwezi kusoma neno "wananchi wamefurahi" bila kuuliza ni wananchi gani, na nani aliwauliza.

Turudi sasa ziwani, kwa mama yangu wa Kirumba.

Ni kweli kwamba bomba halipiti chini ya ziwa. Linalizunguka kwa upande wa magharibi na kusini-magharibi, kupitia Missenyi, Bukoba Vijijini, Muleba, Biharamulo, Chato na kuendelea. Lakini swali lake lilikuwa la mtu mwenye akili. Karibu theluthi moja ya bomba lote iko ndani ya bonde linaloteremsha maji yake katika Ziwa Victoria. Mto Kagera, ambao bomba linauvuka, ndio mto mkubwa kuliko yote unaoingia ziwani. Wazee wa mwaloni wanakumbuka kwamba ni mto huo huo uliotuletea magugu maji katika miaka ya 1990, yakaziba mialo, mitumbwi ikashindwa kutoka. Kwa hiyo kinachoingia Kagera leo, kesho kiko kwetu. Na mkoa wa Kagera una jambo jingine: tarehe 10 Septemba 2016 Bukoba ilitikiswa na tetemeko lililoua watu wasiopungua 17 na kubomoa maelfu ya nyumba. Ardhi ile haikulala moja kwa moja.

Wenye mradi wanajibu, na haki inataka niwasemee pia. Wanasema bomba lina vali za kulifunga kipande kwa kipande, lina mitambo ya kutambua mvujo, linalindwa na kupimwa wakati wote. Tena, kwa kuwa mafuta yale yana nta, yakitoka nje yatapoa na kuganda, hayatakimbia kama dizeli inavyokimbia juu ya maji. Hoja hizo zina uzito wake. Sina ugomvi na wahandisi.

Ugomvi wangu uko mahali pengine, na watu wa Mwanza wataniunga mkono kwa kuwa tumelipia somo hili kwa roho za watu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia kufika hapa. Mimi nilikuwa mvulana wa shule. Meli ilipinduka lakini haikuzama mara moja. Ilielea tumbo juu, na ndani mlikuwa na watu walio hai wanaogonga chuma. Hakukuwa na vifaa, hakukuwa na wazamiaji wa kutosha, hakukuwa na mtu aliyejizoeza jambo lile. Likatobolewa tundu katika chuma ili watu watolewe, hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ikatoka, nayo ikazama na waliokuwemo. Walikufa mamia kwa mamia. Tukalia, tukaunda tume, tukasema haitatokea tena. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu kabisa na gati la Ukara, na zaidi ya watu 220 wakafa.

Meli zote mbili zilikuwa na wahandisi, vyeti na kanuni. Kilichokosekana ni mtu aliye karibu, mwenye kifaa mkononi, aliyekwisha kujizoeza kabla ya siku ya ajali. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Ndiyo maana swali langu juu ya bomba siyo kwamba je, lina mitambo? Swali ni: siku likivuja karibu na mto unaoingia ziwani, saa nane ya usiku, mvua inanyesha, nani wa kwanza atakayefika, anatoka wapi, na amebeba nini? Je, viongozi wa BMU katika mialo ya Muleba na Chato wamewahi kushirikishwa katika zoezi hata moja? Wanajua wampigie nani simu? Wavuvi wakizuiwa kuingia ziwani kwa mwezi mmoja, nani atawalipa, kwa kanuni ipi?

Ziwa hili lina ukubwa wa kilometa za mraba karibu 69,000, lakini kina chake hakizidi mita 80 na kitu. Ni sinia pana, siyo kisima kirefu. Sangara, sato na dagaa wake wanalisha mamilioni katika nchi tatu. Mafuta ya Uganda yatakwisha siku moja. Makadirio ya uhai wa mradi ni kama miaka 25. Ziwa, tukilitunza, halina mwisho wa mkataba.

Najua yapo mashindano makubwa zaidi juu ya bomba hili. Tarehe 15 Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kuushutumu mradi kwa sababu za haki za binadamu na mazingira. Mabenki kadhaa makubwa yakasema hayataukopesha. Kampala na Dodoma wakajibu kwa hasira kwamba Ulaya imejitajirisha kwa makaa na mafuta, sasa inatufungia mlango. Mashirika ya kiraia nayo yalikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, na mwezi Novemba 2023 shauri lao likatupwa kwa hoja kwamba lilifunguliwa nje ya muda. Mradi ukaendelea, na katikati ya mwaka 2025 ilitangazwa kwamba kazi imevuka asilimia 60.

Maoni yangu ni haya. Mzungu anayetukataza mafuta huku anayachoma hana uso wa kutufundisha. Lakini ukosefu wake wa haya hauwezi kuwa ndiyo sababu ya sisi kutouliza maswali. Mama wa Kirumba hajatumwa na Brussels. Anauliza kwa kuwa dagaa ndio waliosomesha watoto wake. Tumekuwa na tabia mbaya ya kumwita kila anayeuliza kuwa anatumiwa, na tabia hiyo ni hatari kuliko nta iliyomo katika mafuta.

Basi nina maombi matatu. La kwanza, mikataba ya mradi huu na mipango yake ya dharura iwekwe kwa Kiswahili chepesi katika kila ofisi ya kata inayopitiwa na bomba au iliyo kando ya ziwa. Mkataba unaosomwa na mawakili peke yao siyo wa wananchi. La pili, mazoezi ya kukabili mvujo yafanyike mialoni, wavuvi wakiwemo, kabla ya ajali na siyo baada ya tume. La tatu, kila mwaka serikali itutangazie kwa tarakimu: bomba limetuingizia kiasi gani, na fedha hizo zimekwenda wapi. Isiwe hotuba. Iwe ni orodha, kama mama wa dagaa anavyoweza kukuonyesha daftari lake.

Na kwa wenzangu waandishi, ombi langu ni dogo. Tusiondoke utepe ukishakatwa. Turudi Missenyi, turudi Sojo, turudi Chongoleani, tukaulize tena.

Kesho nitateremka Kirumba. Nitamwambia yule mama kwamba aliuliza vizuri kuliko nilivyojibu. Kwamba bomba halipiti chini ya ziwa, lakini ziwa liko chini ya bomba, kama bonde lilivyo chini ya kilima. Na kwamba hofu yake haitaondolewa na mtangazaji, itaondolewa na zoezi atakaloliona kwa macho yake pale mwaloni. Kisha nitanunua dagaa wangu, na nikibahatika nitapata mbasela.